Uzi: Kupanda Ngosi, ziwa la kreta juu ya milima ya Poroto, kwa sisi tunaotokea Dodoma

Mtoka Ntyuka (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Msimu wa Sabasaba na Nanenane ukikaribia, hapa Dodoma swali huwa ni moja: tukipata siku tatu nne za kutoka mjini, twende wapi tukaone kitu ambacho kwetu hakipo? Jibu langu ni Ziwa Ngosi, kule Mbeya. Nimelisema vijiweni, nimelisema ofisini, sasa naliandika kwa urefu ili kila anayeuliza nimwelekeze hapa.

Ngosi ni volkano. Kilele chake kina mita 2,620 hivi juu ya usawa wa bahari, ila sehemu ya juu ya mlima wenyewe haipo, iliporomokea ndani. Mlima ulilipuka, ukatapika kilichokuwa chini yake, juu kukabaki hakuna cha kupashikilia, pakazama. Shimo hilo ndilo wataalamu wanaliita kaldera, na mvua imelijaza maji. Ziwa lina urefu wa kilomita 2.5 hivi na kina cha kama mita 75, na uso wa maji uko kwenye mita 2,060 hivi. Hakuna mto unaotoka. Kuta zimesimama pande zote, zimevaa msitu mpaka chini majini. Mlipuko wa mwisho unaojulikana unakadiriwa kuwa wa mwaka 1450 hivi, na majivu pamoja na gesi ya moto vilishuka upande wa kusini karibu kilomita 10.

Kutoka stendi yetu ya Nanenane mpaka Uyole ni karibu kilomita 600, lami yote. Unashuka Mtera, unapanda kona za Nyang'oro, Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole. Ukiondoka alfajiri unafika jioni.

Mkifika Mtera, naomba mtu asilale. Lile bwawa tunalolipita kila siku bila kugeuza shingo ni maji ya Ruaha Mkuu, na vyanzo vya Ruaha Mkuu viko kwenye milima ya Poroto na Kipengere, huko huko tunakokwenda. Maji yanashuka kwenye tambarare ya Usangu, yanapita Ihefu, yanakatiza Hifadhi ya Ruaha, ndipo yanafika Mtera na kuzungusha mitambo ya umeme, kisha yanakwenda kuzungusha mingine Kidatu. Samaki wa Mtera tunaowanunua barabarani wanaishi kwa mvua ya kule juu. Mvua inayoangukia upande wa kusini wa milima inakwenda Mto Kiwira na kuishia Ziwa Nyasa. Kwa hiyo mtu wa Dodoma anayekwenda Poroto anaufuata mto wake mpaka unakoanzia. Mimi hili peke yake lingenitosha kufunga begi.

Lala Uyole au Mbeya mjini. Asubuhi mapema panda gari za Tukuyu, mwambie konda akushushe njia panda ya Ngosi, maeneo ya Isongole. Pale utakuta bodaboda wa kukupeleka hadi mwanzo wa msitu, katikati ya mashamba ya viazi na kabichi. Kutoka hapo ni miguu.

Njia inaanza kwa upole. Baadaye inaingia msituni na mambo yanabadilika: mianzi, migomba pori yenye majani mapana kuliko mlango, miti mirefu iliyoota kuvu na ndevu za kijani, na chini tope jeusi lenye mizizi inayoteleza. Hewa ni baridi na nzito kwa unyevu. Kwa mtu aliyezoea vumbi letu na jua la Oktoba, pua yenyewe inajua umefika nchi nyingine. Kipande cha mwisho ni kikali, mtu anapanda kwa mikono na magoti. Kwa mwendo wa kawaida ni kama saa moja na nusu mpaka ukingoni.

Ukifika ukingoni unaweza usione kitu. Ukungu unakaa ndani ya kreta, mbele yako ni weupe mtupu. Usikate tamaa ukageuza. Kaa, vaa sweta, kunywa chai. Upepo ukipita ukungu unaanza kupasuka upande mmoja, kwanza unaona miti ya ukuta wa ng'ambo, halafu kipande cha maji ya kijani, halafu ziwa zima, liko chini sana kuliko ulivyodhani. Nimeona watu wazima wenye maneno mengi wakinyamaza.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Kila kundi likifika ukingoni kuna anayesema, "Tushuke tukaguse maji." Ndugu zangu, ule ukuta si njia. Ni majivu ya volkano yaliyofunikwa majani, unashika mzizi unang'oka na udongo wake. Kushuka kunakwenda haraka, kupanda ndiko kunakovunja watu, na kama mvua imeanza ukiwa chini, ulikopita hapapandiki. Ushauri wangu ni mmoja: ukingo unatosha. Atakayeshuka ashuke kiangazi, na mwenyeji anayeijua njia, na kamba, asubuhi, na awe amekubaliana na wenzake saa ya kugeuza. Watoto wasishuke kabisa.

Karibuni kwa maswali.

---

Mama Zabibu

Asante sana kaka kwa uzi. Sisi tuko Hombolo, nina mtoto wa miaka kumi na mwingine wa saba, na baba yao anataka twende wote. Je, wanaweza? Na baridi ikoje? Huku kwetu sweta tunavaa Juni na Julai tu.

Mtoka Ntyuka

Dada yangu, wa miaka kumi akiwa mtembeaji atafika. Wa saba atafika kama baba yake yuko tayari kumbeba kipande cha mwisho, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi, maana anayembeba mtoto mgongoni hana mikono ya kushikia mizizi. Ningekuwa mimi, mdogo angebaki Mbeya na mama mkubwa au shangazi, mngerudi jioni.

Baridi ni ya kweli. Juni na Julai usiku wa Mbeya unahitaji blanketi zito, na msituni jasho likikauka mwilini mtoto anatetemeka. Wavishe nguo nyepesi ndani, sweta juu, koti la mvua juu ya yote. Na nguo kavu ya kubadilisha, ifungwe kwenye mfuko wa nailoni. Jinzi waache, ikilowa haikauki na inalemea.

Kijana wa Uyole

Mimi ni mwenyeji wa huku, naongezea machache kwa wageni wetu wa Dodoma.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Kuanzia Novemba mvua inaanza na hadi Mei bodaboda wenyewe wanaogopa ile barabara ya mashambani, mnaweza kutembea kuanzia lami. Msitu uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kuna kiingilio. Lipeni kwa namba ya malipo mpate risiti ya serikali, msimpe mtu yeyote hela mkononi njiani. Kiasi ulizeni ofisi zao za Mbeya kabla hamjaondoka, Mtanzania halipi sawa na mgeni.

Mwongozaji chukueni wa kijijini. Vijana wale wamekulia kwenye ule msitu, wanajua mti upi umeanguka juzi na wapi njia imekatika. Mkubaliane bei kabla ya kuanza, na mkirudi salama mwongezeni kitu.

Muulizeni pia awaonyeshe kinyonga wa pembe tatu. Milima yetu ya Poroto ina kinyonga wake, dume ana pembe tatu usoni. Anakaa kwenye matawi ya pembezoni mwa njia, rangi yake ya kijani imelala kwenye majani, mgeni anampita bila kumwona. Msimshike. Mtazameni macho yake, moja linatazama mbele, la pili linakutazama wewe.

Na wazee wa huku wana simulizi yao: wanasema ziwa zamani lilikuwa bondeni, waganga wakatupa ndani jiwe lililochomwa moto, likahama likapanda mlimani. Mkilisikia kwa mwongozaji mlisikilize kwa heshima.

Fundi Area C

Mkuu mwanzisha uzi, kwenye la kushuka majini sikubaliani na wewe. Mtu asafiri kilomita 600 kutoka Dodoma, apande mlima, halafu aambiwe atazame kwa mbali? Tulishuka kundi la vijana, tukafika, tukanawa uso, tukarudi wazima. Maji yale yana ubaridi ambao sijauona kwingine. Ukiwatisha watu hawatakwenda.

Mtoka Ntyuka

Mkuu Fundi, sikukatazi na wala sijasema mmekosea. Mlikuwa vijana, mlikuwa kundi, na ninaamini mlikuwa na mwenyeji. Ninaowaandikia ni wale wa mara ya kwanza, wenye raba za mjini, wanaofika ukingoni saa nane mchana kwa sababu waliamka kwa kuchelewa. Huko hakuna mtandao wa kutegemea na gari la wagonjwa liko barabarani. Mtu akivunjika mguu chini, wenzake watambeba kwa machela ya miti kupanda ukuta ambao wao wenyewe wanaupanda kwa mikono. Fikiria hilo kwanza, halafu uniambie kama kunawa uso ni lazima.

Kijana wa Uyole

Hapa niko na mwanzisha uzi. Sisi wenyeji tunashuka, na bado kuna siku tunatazama anga tunasema leo hapana.

Mwalimu wa Kondoa

Shikamooni wakubwa, wadogo habarini. Nafundisha jografia, naomba nichangie upande wa chanzo, maana wanafunzi wangu huuliza kwa nini Mbeya ina volkano na Dodoma hatuna.

Bonde la Ufa lina mikono miwili. Wa magharibi unakuja na Tanganyika na Rukwa, unaendelea na Nyasa. Wa mashariki unakuja na Natron, Manyara, Balangida, unafika kwetu Bahi. Ukipanda mteremko wa Saranda kuelekea Manyoni, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa. Kupitia Usangu mkono huu unakwenda kukutana na ule wa magharibi pale Mbeya. Ardhi inavutwa kuelekea pande tatu mahali pamoja, na miamba iliyoyeyuka imepata pa kutokea. Ndiyo maana Ngosi, Rungwe (mita 2,960 hivi) na Kyejo zimejipanga pale. Kwa hiyo sisi wa Dodoma tumo katika ufa huohuo, ila kwetu ulitupa tetemeko na bonde la chumvi, kwao ukatoa moto.

Kwa anayetaka kulinganisha, upande wa kaskazini kuna Empakaai, ndani ya Ngorongoro. Unakwenda kwa barabara ya Kondoa na Babati, lami, na njiani pale Kolo unaweza kuona michoro ya miambani iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Empakaai ina upana wa kilomita 6 hivi, sehemu za ukingo wake zinapita mita 3,000, na maji yake ni ya magadi, yana flamingo. Njia ya kushuka ipo na inapitika, lakini unakwenda na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati. Kukiwa hakuna mawingu unauona Ol Doinyo Lengai kutoka ukingoni. Gharama yake ni kubwa zaidi, maana lazima uwe na gari imara na ulipe viingilio vya Mamlaka ya Ngorongoro. Kwa mshahara wa mwalimu, Ngosi ndiyo inafikika kwa basi.

Nesi wa Makole

Mimi nauliza mambo mawili. Nasikia maziwa ya namna hii yana gesi inayoua, kama lile la Kameruni. Na pili, mwenye presha apande?

Mtoka Ntyuka

Dada Nesi, la kwanza. La Kameruni ni Nyos, Agosti 21, 1986, gesi ya ukaa ilitoka ghafla ziwani usiku ikaua zaidi ya watu 1,700. Sitalinganisha Ngosi na Nyos. Ninachojua ni kwamba ukanda mzima wa Rungwe ardhi yake inatoa gesi hiyo yenyewe, kule Busokelo inavunwa kwa ajili ya vinywaji, na shirika la umma la TGDC linatafiti jotoardhi hapo Ngosi. Gesi ya ukaa ni nzito kuliko hewa, inatuama mabondeni na kwenye mashimo. Kwa hiyo kanuni ni hizi: usiingie shimo au pango, ukiona wadudu au ndege wamekufa mahali ondoka, na usilale kando ya maji. Ukingoni juu upepo unapita.

La pili wewe unalijua kuliko mimi. Kwenye mita 2,600 hewa ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Dodoma tuko mita 1,120 hivi, tumezoea kidogo, lakini utahema. Mwenye presha amwone daktari wake kwanza, asiache dawa kwa sababu ya safari, na aende mwendo ambao anaweza kuongea bila kukatika pumzi.

Nesi wa Makole

Umejibu vizuri. Niongeze kwa wote: anayesikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au macho kuona giza, anakaa chini na anashushwa, hata kama zimebaki hatua chache. Na maji mnywe kabla ya kiu. Baridi inadanganya, mtu anatoka jasho jingi hajui.

Mzee wa Bahi

Wanangu, mimi miguu imechoka, sitapanda tena mlima. Lakini naomba mkienda Ngosi au kwenye mlima wowote wa namna hii muwe na masikio. Desemba 3, 2023 tulikuwa tunasikia redio, Katesh chini ya Mlima Hanang matope yameshuka na watu zaidi ya 80 wamepoteza maisha. Mlima ule ni wa volkano pia, na udongo wake ukishiba maji unaachia. Mvua ikiwa imenyesha siku mfululizo, ahirisheni. Nauli ya basi inatafutika.

Mtoka Ntyuka

Shikamoo mzee. Umesema vema kuliko nilivyoandika. Nimelichukua.

Binti Chamwino

Mimi sijawahi kupanda kitu chochote zaidi ya ngazi za UDOM. Nijiandaeje? Na viatu gani, maana buti za mlimani bei yake si ya mchezo.

Mtoka Ntyuka

Mdogo wangu, mlima wa mazoezi unao nyumbani. Jumamosi asubuhi panda vilima vya Ntyuka au vile vya Mlimwa, begi mgongoni likiwa na chupa za maji. Anza taratibu, wiki baada ya wiki uongeze mwendo. Zaidi ya kupanda, jizoeze kushuka, magoti yanaumia kwenye kushuka.

Viatu, nenda Sabasaba sokoni utafute mtumba. Geuza kiatu, tazama soli: meno yawe marefu na yaachane, tope lisikwame katikati. Kunja soli kwa mkono, ikikunjika kama ndala iache. Kisikubane vidole, maana mteremko unavisukuma mbele. Wenyeji wengi wanapanda na buti za mvua za plastiki na wanakwenda vizuri tu kwenye tope, ila vaa soksi nene na uzizoee kabla. Fimbo utakata? Hapana, usikate mti msituni, wapagazi na bodaboda wanazo, utaazima.

Chakula beba cha kushika mkononi: viazi vya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi. Na kila mfuko uliopanda nao ushuke nao. Nimekuta chupa ukingoni, zimetupwa upande wa ndani, zinashuka zenyewe hadi ziwani, na ziwa lile halina mto wa kuzitoa. Kinachoingia mle kinabaki mle. Hili naliomba kwa kila mtu anayesoma, awe wa Dodoma au wa kwingine.

Mama Zabibu

Tumekubaliana mimi na mzee: mkubwa anapanda na baba yake, mimi na mdogo tunabaki. Kuna cha kumwonyesha mtoto wa saba bila kupanda?

Kijana wa Uyole

Kipo, mama. Endeleeni na barabara ya Tukuyu, muulizie Daraja la Mungu. Ni lava iliyoganda ikawa daraja la asili juu ya Mto Kiwira, gari linafika karibu na mtoto ataliona bila shida. Mshikeni mkono tu pale kingoni. Mashamba ya chai ya Tukuyu nayo atayafurahia, kwenu hayapo.

Mwalimu wa Kondoa

Na kama kuna atakayekwenda kati ya Desemba na Aprili, mlima wa tope auache, aende Kitulo akaone maua. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ni mita 2,600 pia, lakini ni uwanda.

Mtoka Ntyuka

Wakuu, kuna watu kadhaa wamenifuata faragha wakitaka twende pamoja. Tuweke hapa hapa wazi. Ninafikiria kuondoka siku moja kabla ya sikukuu ya Nanenane, siku ya pili kupanda, siku ya tatu Daraja la Mungu, ya nne kurudi. Basi la kawaida, hakuna anayekusanya hela ya mwenzake, kila mtu anakata tiketi yake. Mwongozaji tutachangia pale pale, mmoja kwa kila watu watano au sita. Ukingoni tutakuwa kabla ya saa tano asubuhi na saa saba tunaanza kushuka, hata kama ukungu haujafunguka. Asiyekubaliana na saa hizo apange kundi lake, hatutagombana.

Anayekuja aandike hapa anatokea upande gani wa mji, kama amewahi kupanda mlima, na kama ana tatizo la kiafya ambalo wenzake wanapaswa kulijua. Fundi, kama utakuja, ile kamba yenu bado ipo?

Fundi Area C

Ipo. Nakuja nayo.